Kadi Ilitangulia Mtoto

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi, na fimbo amekataa katakata kwa kuwa eti fimbo ni ya wazee. Mwanao Bibie naye hajambo. Kidonda cha goti kimekauka, jana amemaliza sahani akadai nyingine, na leo asubuhi amenisema vibaya kwa sababu sijui kufunga viatu kama mama yake. Nawe je? Kikohozi kimepoa? Na hao wagonjwa wa wodini kwako, wanakuachia hata nafasi ya kunywa chai?

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeniuliza swali moja tu nami ningelikwepa, kama nilivyolikwepa wiki iliyopita. Tafadhali kaa chini, soma mpaka mwisho, kisha unitukane utakavyo.

Barua yako ya malalamiko imefika kwenye kituo chetu cha kulelea watoto. Mkuu wa kituo alituita walezi wote akaisoma kwa sauti, na alipofika pale uliposema Mwalimu Kengele asikabidhiwe tena mtoto wa mtu, mpishi wetu alifunika uso kwa aproni. Unamkumbuka Kengele, yule mwalimu wa watoto wa miaka mitatu tuliyembandika jina hilo kwa sababu akiita watoto wake uwanjani, hata wa shule ya jirani wanapanga mstari. Amesimamishwa kazi tangu siku ile Bibie alipotoka nje. Jumatatu saa nne kamati ya wazazi inakaa kumwamulia, na kwa jinsi ninavyowasikia wakinong'ona langoni, wameshamwamulia. Miaka kumi na moja amelea watoto wa watu, na hajawahi kupoteza hata mmoja.

Sasa nikwambie ilivyokuwa. Mimi nilikwambia Bibie alikutwa akicheza mlangoni mwa gereji, ng'ambo ya barabara. Si kweli, dada. Alikutwa chini ya lori. Alikuwa amejikunyata nyuma ya tairi akiokota nati, na dereva alishawasha injini arudi nyuma. Fundi mmoja aliona ndala ndogo ya njano, akapiga yowe na kugonga bodi kwa spana mpaka injini ikazimwa. Alimleta mwenyewe hadi langoni kwetu, mikono imejaa grisi, akauliza huyu ni wa nani. Niliyempokea ni mimi. Nilikaa papo hapo kwenye saruji, mtoto mapajani ananionyesha nati zake tatu. Hadi leo nikisikia lori linarudi nyuma, nahesabu watoto upya.

Na kinachotisha zaidi ni kwamba hakuna aliyekuwa akimtafuta. Karibu nusu saa mtoto yuko barabarani, na sisi kituoni tumetulia tuli.

Pale kwetu kila mtoto ana kadi ya picha, maana hawajui kusoma; ya Bibie ina kikombe. Kadi hutundikwa kwenye ubao wa chumba alimo mtoto, na akihama chumba, inamfuata. Mkuu hachoki kutuambia: mtoto kwanza, kadi baadaye. Sasa saa ya kulala mchana mapazia yamefungwa, na kila mmoja amejifunika shuka hadi utosini. Mwalimu huhesabu kadi. Ni kosa, najua, lakini wote tunafanya, kwa sababu ukianza kufunua shuka moja moja chumba kizima kinageuka soko.

Kengele alijitetea hivyo hivyo. Alisema alihesabu kadi zote kumi na tisa za chumba chake, na ya kikombe ilikuwemo. Mkuu akamuuliza kadi iliingiaje ubaoni ikiwa mtoto hayumo. Kengele akanitazama mara moja tu, kisha akainamisha kichwa akasema hajui.

Alijua. Ile kadi niliirudisha mimi.

Kwa sheria ya kituo, mlezi hakai chumba kimoja na ndugu yake, ndiyo maana mimi niko na wachanga na Bibie yuko kwa Kengele. Lakini tangu uondoke, mwanao alikuwa halali mchana mpaka ashike sikio langu. Alikuwa analia mpaka anatapika. Kengele akamhurumia, tukakubaliana kimya kimya: nimchukue na kadi yake, alale kwangu, nimrudishe kabla wenzake hawajaamka. Miezi miwili tumefanya hivyo bila tatizo. Siku ile mzazi mmoja alikuja mapema kuchukua mtoto, akaniita langoni. Nikapitia kwa Kengele nikatundika kadi kwanza, nijipunguzie safari, nikijua Bibie bado amelala fofofo na nitamleta nikirudi. Langoni nikanogewa na maneno. Dada, nilikuwa nacheka. Mtoto aliamka hakuniona, akatoka kunitafuta kwa mlango wa jikoni, niliouacha wazi mwenyewe nipate upepo.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndiye mimi sasa. Uliponipigia ukalia, ukasema yule mwanamke hana utu, niliitikia. Nikakwambia kweli, hana. Siku tisa nimemwacha mtu abebe mzigo wangu, naye akanifichia siri akingoja niseme mwenyewe. Nimeona haya mpaka nashindwa kupita mtaa anaokaa.

Leo asubuhi nimemweleza mkuu kila kitu. Alisema kamati itadhani namkingia kifua rafiki yangu, maana malalamiko ya mzazi yako mezani na mzazi hajayabadilisha. Mpishi anakuja huko leo kumwona mwanawe, atakupa barua hii mkononi, na Jumapili anarudi, jibu lako aje nalo. Kama unataka kumchukua Bibie, nitamfungia nguo zake mwenyewe, sitakuwa na neno. Ila ile barua yako, dada, haikukosea kitu isipokuwa jina. Iandike upya, usipunguze hata neno moja, na kila ulipomtaja Kengele uniweke mimi.

Mama anakusalimu. Yeye nitamwambia jioni hii, nikishamaliza kumkanda magoti. Bibie anasema umletee kengele ya baiskeli, baiskeli yenyewe atanunuliwa na babu yake aliyeko mbinguni. Meza dawa ya kikohozi, usiiache njiani kama kawaida yako.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemwachia mtoto.