Mzunguko wa Hatua ya Ishirini na Saba

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe ni mzima na goti la mama limepoa. Mimi mzima kabisa, tena nina furaha mpaka jana nilipanda ngazi za ofisi mbio nikasahau kwamba kuna lifti.

Wamenichukua, baba! Ile kampuni ya michezo ya simu niliyokwambia. Nitakaa nao mpaka Juni, nifanye mafunzo na kuandika tasnifu yangu ya shahada hapa hapa, kwa data zao. Najua utakachosema. Utasema, "Nimekusomesha miaka yote hii ukacheze?" Ngoja nikueleze kabla hujapiga honi.

Wana mchezo unaitwa Fikisha Mzigo. Unaendesha kigari cha mizigo mjini, unapeleka vifurushi kwa wenyewe kabla muda haujaisha. Watu laki kadhaa wanaucheza, na kila anayecheza anaacha kumbukumbu: ameanza lini, ameshindwa wapi, amerudi au ndiyo kwaheri. Kazi yangu ni kuzichambua kumbukumbu hizo nijibu swali moja tu: mtu anaacha mchezo kwa nini? Huko si kucheza, baba. Ni sayansi ya data. Nimepewa meza karibu na dirisha, kompyuta yenye skrini mbili, na kiti cha kuzunguka ambacho nimeshaanguka nacho.

Msimamizi wangu ni mama mmoja mrefu, wa maneno machache. Ofisi nzima inamwita Kipimo, kwa sababu ukimwambia "nadhani", anakuuliza, "Umepima?"

Mkipenda, upakueni muuone. Mwambie mama asiogope, haung'ati.

Kitindamimba wako


15 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba, mwanangu. Huku hatujambo. Goti la mama yako limepoa, ulimi wake bado. Hongera sana! Nimewatangazia walimu wenzangu pale shule ya udereva kwamba binti yangu ni mwanasayansi wa data. Hakuna aliyejua ni kitu gani, mimi nikiwemo, lakini wote wamenipa mkono.

Mchezo nimeupakua, nimejiita Breki. Mama yako naye kaupakua, kajiita Abiria, maana ndani ya gari hajawahi kuwa kitu kingine. Sasa nina malalamiko. Hilo gari halina indiketa! Miaka yote hii nafundisha watu kuashiria, leo nakata kona kimya kimya kama mwizi. Halafu mtu anaegesha juu ya kivuko cha waenda kwa miguu na bado anapewa nyota. Nani aliwapa leseni hao wachoraji wenu?

Hata hivyo niko hatua ya ishirini na sita. Mama yako yuko ya kumi na moja, anaomba radhi kwa sauti kila anapogonga pipa la taka. Nikamkumbusha siku niliyojaribu kumfundisha gari la kweli, alivyozima injini katikati ya mzunguko wa barabara, akashuka, akafunga mlango, akarudi nyumbani kwa miguu, na hajagusa usukani tena. Akanijibu, "Sikushuka kwa sababu ya mzunguko. Nilishuka kwa sababu ya mdomo wako." Basi ndiyo hivyo, kinyozi hajinyoi.

Siku utakayotetea tasnifu yako nitakuja na suti. Nataka kiti cha mbele kabisa.

Baba yako,
Breki


8 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo, na mama? Mimi sijambo, usingizi tu ndio umenihama kwa furaha. Malalamiko ya indiketa nimeyafikisha kwa wachoraji. Mmoja alikuna kichwa akasema, "Mzee ana haki."

Nimeipata hatua inayofukuza watu. Ni ya ishirini na saba, yenye mzunguko mkubwa wa barabara. Wanaingia maelfu, wengi wanaishia hapo. Ukikosea, skrini inakuwa nyekundu, honi inalia, na maandishi makubwa yanatokea: UMEKOSEA! Basi nimetengeneza programu, nimeiita Mtabiri. Inamtazama mchezaji kwa siku chache, kisha inasema huyu atabaki, huyu ataondoka. Jana tuliilinganisha na yaliyotokea kweli, ikapatia karibu tisa katika kila kumi! Nilipiga kigelegele ofisini, baba, nikaona aibu baadaye. Kipimo mwenyewe alitabasamu.

Keshokutwa tunaanza jaribio nililolipanga mimi. Lilivyo siwezi kukueleza, nimetia sahihi. Nikimwambia mchezaji yeyote kabla halijaisha, limeharibika, na bila jaribio sina tasnifu, narudia mwaka. Likienda vizuri, kampuni imesema itaniajiri. Niombeeni.

Halafu nimewaunga nyote wawili kuwa marafiki zangu ndani ya mchezo. Mtu akiwa anacheza, nukta ya kijani inawaka kando ya jina lake. Jana mchana Breki alikuwa anawaka. Si ulikuwa na mwanafunzi garini?

Kitindamimba wako


28 Machi

Binti yangu,

Sisi wazima. Salamu nyingine nitakupa hasira ikiniisha.

Nimekwama hatua ya ishirini na saba. Hilo si neno, mtu hukwama. Lakini juzi mama yako naye kaifikia, kakaa kwenye kochi na kikombe chake cha chai, na chai haijapoa kashapita! Mama yako, asiyejua klachi ni ya mguu gani! Nikaomba kuona simu yake. Nikaona mshale. Mshale wa buluu, mpole, unamwonyesha ingia hapa, shika njia ya ndani, tokea pale. Akikosea hazomewi. Mshale unamrudisha mwanzo na kumngoja. Kwangu mshale haupo. Kwangu ni honi na UMEKOSEA! Nami kosa langu ni nini? Nasimama kuwapisha waliomo kwenye mzunguko, kama sheria inavyotaka, muda unaniishia. Haraka haraka haina baraka, ndivyo ninavyowafundisha watu, na mchezo wako unanizomea kwa hilo.

Habari imefika shule ya udereva, na aliyeifikisha namjua, tunalala naye chumba kimoja. Leo mwanafunzi kaniuliza, "Mwalimu, labda tufundishwe na mama?" Gari zima likacheka.

Tangu ukiwa mdogo, jambo lako likiwa zuri unamwambia mama yako kwanza, mimi nalisikia kupitia ukutani. Iliniuma, nikazoea. Ila hili nakuuliza waziwazi, nami nataka jibu la waziwazi. Mshale ule umempa wewe?

Baba yako


30 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila barua yako imenikosesha raha. Swali lako siwezi kulijibu, si kwa ndiyo wala kwa hapana, mpaka tarehe 10 Mei. Si kwamba sitaki. Naomba uniamini mpaka hapo, kama mimi nilivyokuamini siku uliponiachia baiskeli bila kuniambia kwamba umeachia.

Mwanao


2 Aprili

Kwa binti,

Barua yako imefika. Hatujambo. Mchezo nimeufuta kwenye simu yangu. Siku ya tasnifu atakuja mama yako, ndiye mwenye mshale.

Baba


11 Mei

Baba mpendwa, na mama, maana najua anasoma nyuma ya bega lako,

Shikamooni. Mnaendeleaje? Mimi leo ningeweza kuruka!

Limeisha! Jaribio limeisha jana, na mdomo wangu ni mali yangu tena. Baba, sikumpa mama mshale. Kompyuta iliwagawa wachezaji wote makundi mawili kwa bahati nasibu tu, kama kurusha sarafu. Nusu wakapata mshale, nusu wakabaki na honi ya zamani, ili tuone akina nani watabaki. Sarafu ya mama iliangukia mshale, yako ikaangukia honi. Ningekwambia mapema, ungecheza kwa namna nyingine, na shule nzima ya udereva ingejua kabla ya jioni. Unakijua kinywa chako.

Siku niliyopata barua yako ya hasira nilimwendea Kipimo, nikamwambia baba na mama yangu wamo kwenye jaribio. Akauliza, "Umewaambia?" Nikasema sijawaambia, na sasa baba yangu anadhani nampendelea mama. Akanivutia kiti. Kisha akawaondoa nyote wawili kwenye hesabu, maana ndugu wa mfanyakazi hahesabiwi.

Sasa sikia matokeo. Waliopata mshale wamebaki wengi kuliko wa honi, tena kwa mbali! Na hatua haikurahisishwa, baba. Mzunguko ni ule ule, muda ni ule ule, na wenye mshale nao walikosea mara nyingi tu. Watu hawakimbii mzunguko. Wanakimbia kuzomewa. Ndiyo sentensi ya mwisho ya tasnifu yangu, na kampuni imenipa mkataba wa kazi.

Limebaki moja. Uliandika kwamba umeufuta mchezo. Mbona Aprili nzima, kila asubuhi nikifungua simu, Breki anawaka kijani? Nilikuwa naitazama ile nukta mpaka chai inapoa. Nilijua umeninunia, lakini nilijua pia kwamba upo. Kabla hujaondolewa kwenye hesabu, Mtabiri alikuwa ameshasema juu yako kwamba utaondoka, bila hata kusitasita. Hukuondoka. Katika makosa yake yote, hilo ndilo nililolifurahia.

Natetea tarehe 13 Juni, saa nne asubuhi. Kiti cha mbele nimekiandikia jina lako, na hata usipokuja hatakikalia mtu mwingine. Nakupenda, baba.

Kitindamimba wako


7 Juni

Kitindamimba wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba. Sisi ni wazima, wazima haswa. Nisamehe kwa kutokujibu karibu mwezi mzima. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe nakuletea sasa.

Lakini kwanza, nimefutwa? Mimi, niliyezomewa wiki zote zile, sihesabiwi? Mwambie Kipimo nitakuja kumwona ana kwa ana. Na ni kweli, mchezo sikuufuta. Ningeufutaje, na ndimo nilimokuwa naiona nukta yako? Ikiwaka nasema, haya, mtoto kaamka salama. Mshale wenu umeshafika hata kwangu, nimeuzima. Unaniambia niingie bila kupisha! Niko hatua ya ishirini na saba na nitazeekea hapo kwa heshima zangu.

Barua yako niliisoma kwa sauti. Nilipofika kwenye watu kukimbia kuzomewa, nikamtazama mama yako. Alikuwa anakunja nguo. Akachukua shati jingine tu. Afadhali angesema neno.

Kesho yake nikaleta gari la shule mlangoni, nikakaa upande wa abiria, nikamfungulia mlango wa dereva. Alisimama pale muda mrefu, amejishika kiuno. Akasema, "Ukifungua huo mdomo, nashuka." Tukaenda. Pale mzunguko, pale pale pa zamani, akazima injini. Nyuma wanapiga honi. Mdomo ulifunguka, binti yangu, nikaufunga. Nikanyoosha kidole tu, kimya, kuonyesha njia ya ndani. Akawasha. Akazima. Nikangoja. Akawasha, akapisha, akaingia, akatokea upande wa pili! Tulipofika mbele akaegesha, akajifuta macho, akacheka. Akaniambia, "Kumbe unaweza." Hata sijui alikuwa anamsifu nani, lakini nililia na mimi.

Tangu hapo ni kila jioni. Leseni bado, ila kibao cha mwanafunzi kimefungwa nyuma ya gari na mwalimu yuko kando yake. Suti imepigwa pasi. Siku hiyo tutatoka alfajiri, kwa sababu dereva wangu anampisha kila mtu, hata waliosimama. Tukichelewa kidogo, kiti changu kilinde.

Baba yako,
Abiria