Sayari Isiyo na Choo

Wifi, uko wapi? Nusu ya mdomo imekufa ganzi. Nimeumbuka!

Si unakijua kile kitabu cha sayari ya mbali, kilichotungwa kutokana na ile tamthilia tunayoitazama kwenye runinga? Niliandika kwenye kundi la wasomaji: "Miji mitatu, majumba ya vioo, na choo hata kimoja hakuna! Mtunzi atuambie wanajisaidia wapi." Yule anayejiita Nahodha wa Nyota akanijia juu, nami nikamwita kichwa maji.

Wifi, Nahodha ni daktari wangu wa meno!

Leo nimekwenda kwake kung'olewa jino. Kanichoma sindano, tukawa tunangoja ganzi ishike. Akatoa simu. "Samahani bibi, kuna mpuuzi mmoja namjibu." Akabonyeza. Mkoba wangu: ting! Akabonyeza tena. Ting!

Akautazama mkoba. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Kumbe ni wewe, bibi?"

Ulimi umelala kama gunia, nikaitikia kwa kichwa.

Akachukua koleo, akalibana jino. "Wale viumbe wanakula mwanga tu. Choo cha nini? Kubali yaishe."

Wifi, koleo liko mdomoni! Koleo! Roho ikaniambia kubali, mwanamke, uende nyumbani. Lakini mwanga gani, na sura ya kwanza wamekula karamu mpaka wakavimbiwa? Nikatikisa kichwa kwa nguvu zangu zote: sikubali!

Kule kutikisa ndiko kulikoling'oa, wifi. Yeye hata hajavuta!

Basi, jino limetoka. Choo bado hakijapatikana.