Glory Aandike Habari Zake

S.L.P. 614,
Mafiga, Morogoro.
12 Juni 2004

Mpendwa Mjomba Severini,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Geita, na kile kifua kimepata nafuu. Mwenzako wa machimboni aliyekuja likizo alituambia bado unakohoa na bado hutaki kwenda hospitali. Sikushangaa, ukaidi huo tunaujua tangu ulipokuwa kiwandani hapa, kabla hakijauzwa. Sisi hatujambo. Baridi imeanza, milima haionekani mpaka saa nne asubuhi, na mboga za Mlali zinashuka kwa wingi hadi watu wanachagua.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu inameza vocha kabla salamu hazijaisha, na jambo lenyewe ni la kukaa chini.

Unakumbuka nilikuambia nimepata kazi katika chuo kipya cha binafsi, kilichofunguliwa kwenye maghala ya zamani ya ushirika. Pale tulipokuwa tukipanga foleni ya mbolea sasa kuna kompyuta, za mtumba lakini zinawaka. Kazi yangu ni kuwasaidia wanafunzi wa historia, Kiswahili na lile somo la uandishi wa kompyuta, hasa wanaokwama. Na wanakwama kweli. Mtu amemaliza kidato cha sita, ukimwambia aandike anachofikiri yeye mwenyewe, anakutazama kana kwamba umemvua nguo. Amezoea kunakili ubaoni. Basi huwa nawakalisha wawili wawili, mmoja anasema, mwenzake anachapa, halafu wanasomeana kwa sauti. Mimi nakaa pembeni na swali langu moja: hapa anayesema ni nani?

Sikujua swali hilo litanifuata nyumbani.

Habari ni ya mjukuu wako Glory, binti wa dada Getruda, ambaye sasa anakaa kwangu na kusoma hapo chuoni. Katika historia anafanya vizuri sana. Lakini kwenye somo la uandishi, kazi ya mwisho ni kuandika habari za maisha yako mwenyewe, uzichape, uzipange na picha, kisha ziwekwe kwenye tovuti ya chuo asome yeyote. Asiyeifanya hapati cheti. Glory alikaa na mwenzake Hafidha, yeye akisema, Hafidha akichapa. Baada ya muda Hafidha aliacha kuchapa akaja kuniita.

Nikasoma kwenye kioo cha kompyuta: "Mimi niliolewa mwaka wa njaa." Nikaendelea kusoma. "Mtoto wangu wa pili, Judith, nilimzaa shambani mvua ikinyesha. Mdogo wangu Severini ndiye aliyekimbia kumwita mkunga, akaanguka mtoni." Mjomba, nilikuwa nimesimama pale, mwalimu mzima, nasoma habari za kuzaliwa kwangu zikisimuliwa na mwanafunzi wangu. Nikaomba kiti.

Wewe ndiye uliyempa jina la mama. Mama alipofariki, siku ya kumaliza msiba, ulimshika Glory mkono angali mtoto wa darasa la pili, ukamfunga khanga ya marehemu, ukasema Anastasia amerudi. Ndivyo ukoo wetu unavyofanya na sikulaumu. Tangu siku hiyo sote tunamwita mama. Tunamwamkia shikamoo, naye anatuita wanangu. Wewe mwenyewe, kabla ya kushuka shimoni, unampigia simu dada yako akuombee dua. Na kila tukikaa naye hatuna maneno mengine: mama, unakumbuka siku ile? Mama, unakumbuka yule ng'ombe? Mtoto akawa anaitikia kwamba anakumbuka. Tulimjaza, mjomba, na sasa amemwaga tulichomjaza.

Mwalimu Ernest, anayefundisha somo hilo, ni mtu wa Dar na hajui mambo yetu. Kwanza alisema kazi hiyo imeibwa mahali. Nikamweleza, akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekuelewa, Mwalimu, lakini huyo bibi hakusajiliwa hapa. Mimi nataka ya Glory." Amempa muda mpaka chuo kitakapofunga Julai. Akishindwa atarudia mwaka, na Getruda hana uwezo wa mwaka mwingine, kwa hiyo ndiyo itakuwa basi. Nilitoka mle ofisini nimevimba kwa hasira. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona kwamba Ernest ameniuliza swali langu mwenyewe.

Nilimchukua Glory peke yake, bila Hafidha. Nikamwambia aandike kitu ambacho mama hakuwahi kukigusa. Akaandika juu ya kile kipanya cha kompyuta, mistari miwili, akaacha. Akakohoa kidogo, vilevile alivyokuwa akikohoa mama kabla ya kutoa neno zito.

"Mama mdogo," akasema. Hakuwa ameniita hivyo tangu utoto wake. "Nikiandika ya kwangu, bibi atakwenda wapi? Na babu je? Atamwomba nani dua kabla hajaingia shimoni? Kifusi kikimwangukia, mtasema ni mimi."

Nikazima kompyuta, tukarudi nyumbani.

Na mimi nikueleze langu, usije ukadhani nakuandikia kwa wepesi. Katika ile insha ya kwanza kuna sentensi moja kuhusu siku ya kufa kwa mama. Inasema: "Nilimsikia Judith akiniita. Nilishindwa kuitikia, lakini nilimsikia." Chumbani siku ile tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Nilimwita mara nyingi, akanyamaza, na sijapata kumwambia mtu yeyote, hata padre. Nilimwuliza Glory nani alimwambia. Akasema, "Sijui. Ilikuja tu." Huenda niliropoka usingizini, huenda alibahatisha. Mwenzio nimeisoma sentensi hiyo mpaka macho yameuma. Kuna siku nilitaka kwenda kumwangukia Ernest aipokee insha ilivyo, mtoto afaulu na mama abaki humo akiendelea kuzungumza. Nilikuwa na hamu naye kiasi hicho.

Lakini Jumapili iliyopita tulikutana uani kabla ya misa. Siku zote mimi ndiye ninayetangulia kuamkia. Safari hii sikumwamkia. Ndoo ilijaa maji yakamwagika, hakuna aliyefunga bomba. Nikahisi kuna mtu wa tatu amesimama pale akitusubiri, na sikuthubutu kugeuka. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama mdogo." Nikaitikia, "Marahaba, Glory." Nikaingia jikoni nikalia kama siku tuliyomzika.

Kesho yake akaandika ukurasa mmoja wa kwake. Ameandika jinsi alivyokuwa akikaa kwenye kigoda pamoja na watu wazima, akiwatazama wenzake wakiruka kamba, na sisi tukimwambia mama haruki kamba. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama alitaka kuruka. Ni ukurasa mzuri, mjomba, hata Hafidha aliuchapa bila kuacha. Lakini hataki kuuendeleza wala kumpelekea Ernest mpaka ajue wewe unasemaje. Nimemwambia hutakasirika.

Kwa hiyo nakuomba umwandikie, hata mistari mitatu. Mwite mjukuu wangu Glory. Usimwamkie, mwache yeye akuamkie. Usimwombe dua, wewe ndiye mkubwa, mwombee. Jina la mama litabaki kwake, hakuna anayemvua, ila asiwe analivaa kila saa. Najua ninachokuomba. Najua ukishaandika hivyo utakuwa umefiwa na dada yako upya, na safari hii uko ugenini, hakuna wa kukaa nawe matangani. Mimi nitakuombea kila asubuhi unaposhuka, ingawa naelewa dua yangu si ya dada yako. Naogopa pia, sikufichi. Tafadhali andika kabla chuo hakijafunga.

Getruda anakusalimu sana na anasema ale vizuri huyo mzee. Mzee Athanas wa Mlali anasema migomba yako anaitazama, usipoamini njoo uone mwenyewe. Glory anasema shikamoo, babu.

Mungu akutangulie kila ushukapo, na akupandishe salama jioni.

Salamu za mama, ambazo katika kila barua nimekuwa nikizitanguliza, safari hii hazimo.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Judith