Baba Hataki Saladi

Nyumbani,
Jumapili jioni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo huko? Kile kikohozi kimekuacha? Na kazini, bado wanakubebesha zamu za usiku? Sisi wazima, ukimtoa baba, na habari zake ndizo zilizonikalisha kuandika, maana kwenye simu ningepiga kelele.

Unajua daktari alivyosema moyo wake ulipoanza kumsumbua: chumvi basi, vya kukaanga basi, mboga kwa wingi. Ukanitumia ile video ya saladi, ukasema ni kazi ya dakika kumi tu. Kweli, haichukui muda. Nakata kabichi nyembamba, nakwaruza karoti, natia tango, nyanya, hoho na maharagwe ya kuchemsha, nakamulia ndimu, kijiko kimoja cha mafuta, nachanganya. Kutengeneza si shida. Shida ni mlaji!

Siku ya kwanza alitazama bakuli akaniuliza, "Sungura wako wapi?" Nikacheka. Kesho yake akauliza vilevile. Sasa sicheki. Fundi mzima, aliyechomelea mageti ya mtaa huu wote, anaficha karoti chini ya sahani kama mtoto! Nikigeuka, chumvi imemwagwa. Nikiificha chumvi, shangazi huyo na viazi vya kukaanga ndani ya mkoba, eti anamwonea huruma kaka yake.

Na wewe je? Jumapili iliyopita nilikusikia kwenye simu: "Mzee, we kula unachotaka, dada amekuwa askari jela." Mkacheka wote wawili. Mimi nilikuwa jikoni na kisu mkononi, machozi yananitoka, na wala sikuwa nakata kitunguu.

Jumatano nilitoka kwenye cherehani mchana nikamkuta ameketi sakafuni, jasho linamtiririka, kashika kifua, kikaangio bado kiko motoni. Jirani yetu dereva wa teksi ndiye aliyetukimbiza hospitali. Daktari akanigeukia mimi: "Nani anampikia huyu?" Nikainama. Baba alisikia, hakunitetea hata kwa neno moja.

Walimruhusu juzi. Jana jioni nikamwekea bakuli mbele yake. Akashika uma, akautua.

"Mama yako alipoanza kupikiwa chakula chake peke yake," akasema, "hakumaliza mwaka."

Mdogo wangu! Kumbe si ladha. Baba anaogopa. Nilitaka kumkumbatia, nikajikuta namfokea: "Basi tutakula wote!" Nikachukua uma, nikala kutoka bakuli lilelile. Alinitazama weee, halafu akachukua kipande cha tango. Kimoja tu, baada ya vita yote hiyo.

Nimechoka. Mnanichosha wote. Shangazi nimeshamwambia, amenuna. Wewe nakuomba kitu kimoja: ukipiga simu, usimchekeshe. Tengeneza saladi hiyo huko uliko, uitafune akusikie. Mwambie hicho ndicho chakula chako na wewe.

Msalimie sana wifi na hao mapacha, wabusu mashavu. Shangazi angekusalimu kama tungekuwa tunaongea. Mungu akutunze ugenini, na atuachie baba bado.

Dada yako,
anayekupenda hata akiwa amekasirika.