Samaki wa Kibonge

Kaka na wifi,

Nampeleka Kibonge hospitali. Ameamka mwili unachemka na kichwa kinamuuma, ila anaongea na ananitambua. Mkisoma hii, njooni na shuka na kadi yake ya kliniki, iko droo ya juu.

Nikiwa namvalisha, akaniambia, "Shangazi, usisahau kuwalisha samaki wangu." Samaki gani? Akafunua pazia la dirisha, kando ya mto wake. Kopo la maji limejaa viluwiluwi vya mbu, na makombo ya mkate yanaelea juu! Chandarua amekikunja, eti kinamzuia kuwaona.

~~Kaka, wewe ni baba wa namna gani?~~

Samahani, nimefuta. Lakini anasema ulimsifu, "Mvuvi wangu huyo!" Hivi hukuchungulia hata mara moja?

Yale maji nimeyamwaga juani bila yeye kuona. Wifi, tafadhali kagua ndoo za bafuni na visahani vya maua, kisha chomekeni chandarua chini ya godoro. Kuna mbu wanaoambukiza maradhi yanayofika hadi kwenye ubongo, ndiyo maana sisubiri jioni. Naamini tumewahi.

Yuko mlangoni analia, wala si kwa homa. Analia kwamba jana samaki walikuwa wengi, leo wamepungua. Nimeshindwa kumwambia kwamba waliopungua wameota mabawa, na usiku kucha walikuwa naye chumbani.

Shangazi yake