Waya Uliobaki Kwenye Mkoba Wako

Kaka Idrisa,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini ulinizoesha vibaya. Nikiisahau asubuhi ulikuwa unaniuliza kama nimelala na njaa.

Nipo maabara, kwenye kiti chako. Mashine ya kupimia damu imekubali leo. Ngoja nianze mwanzo, maana ulichukia mtu anayesimulia kuanzia mkiani.

Tuliporudi kazini kutoka kukuzika, tuliwasha kompyuta. Unakumbuka programu ya mashine ilivyoikataa kompyuta mpya, ukatengeneza kompyuta ya zamani ndani ya hiyo mpya, ukaiita mpangaji. Kila asubuhi ulikuwa unaniuliza, "Neema, mpangaji kaamka?" Basi siku ile aliamka na onyo: poti ya serial, ile njia ya waya wa mashine, haikuunganishwa, kompyuta itawaka bila hiyo, uendelee? Nesi aliyekuwa karibu akabofya ndiyo, kama tunavyobofya wote.

Ikawaka vizuri, na hapo ndipo ubaya ulipo. Nikaweka damu ya mama mmoja mjamzito, nikatazama skrini, majibu yapo, damu ya kutosha kabisa. Nilikuwa nimeshachukua kalamu nisaini nilipomtazama yule mama, ndani ya kope peupe kama karatasi. Yale yalikuwa majibu ya mtu wa mwisho uliyempima wewe. Mashine haikuwa imetuma chochote.

Tangu hapo sampuli zote tukawa tunazipeleka maabara nyingine, na mimi usingizi ukanikimbia. Nawaza tu, je, nisingeyaangalia macho yake?

Waya wa kuunganisha mashine na kompyuta haukuwepo, daktari wetu akanunua mwingine Kariakoo. Onyo lile lile. Nikabadilisha namba ya poti kwenye mipangilio ya mpangaji, onyo likaondoka, mashine kimya. Nikabadilisha tena, onyo likarudi. Nilifika mahali naogopa hata kuiwasha.

Waya wako nilijua ulipo. Tangu mtu alipouazima kujaribia simu yake, ulikuwa unauchomoa kila jioni unaondoka nao. Kwa hiyo ulikuwa kwenye mkoba wako, mkoba uko kwako Tandale, na wifi yuko eda. Daktari ni mwanamume, hawezi kuingia. Nikabaki mimi, Mkristo wa watu kutoka bara, nisiyejua niingie vipi wala nikae wapi, sembuse kumwambia mfiwa kwamba nimefuata waya.

Nilikaa mkekani nikaanza habari za mvua. Wifi akanitazama weee, mwisho akasema, "Neema, hiyo mvua hata mie naiona. Umefuata nini?" Nikamwambia. Akauleta mkoba, haujafunguliwa tangu siku uliyotutoka, akaufungua mwenyewe. Kulikuwa na chupa yako ya chai, nusu ya kashata kwenye kipande cha gazeti, na waya umeuviringa vizuri. Wifi aliishika ile kashata akalia, na mimi nikalia. Alipomaliza alijishika kisogo. Kichwa kinamsumbua siku nyingi, alisema. "Kitapita tu."

Leo asubuhi nikauchomeka waya kwenye tundu la mbele. Onyo. Waya wako kabisa, kaka, na bado onyo. Nikakaa hapa nikijaribu kukuona unavyoanza siku, na nikakuona ukipiga magoti, unaingia chini ya meza, "mgongo wangu jamani," na mimi nakucheka kwa nini unajitesa wakati matundu ya mbele yapo.

Nikapiga magoti. Nikachomeka nyuma, tundu la chini, kisha ndiyo nikamwamsha mpangaji. Hakuna onyo. Kumbe kompyuta inalipatia kila tundu namba yake, na mpangaji alikuwa akiijua hiyo moja tu. Sikuamini hata hivyo. Nikapima damu yangu, nikapima ya nesi, nikaona majibu mawili tofauti yanaingia, ndipo nikavuta pumzi.

Sasa niruhusu nikugombeze. Ulikuwa unanipiga mkono nikibofya ndiyo bila kusoma. "Soma kwanza. Onyo halikuwekwa hapo kwa urembo." Na kichwa chako mwenyewe kilipokuuma wiki nzima, ulisemaje? Kitapita tu. Kipimo cha presha kimetundikwa nyuma ya hiki kiti, Kaka Idrisa, ukinyoosha mkono unakigusa. Nimekukasirikia sana, na sijui hasira hii niipeleke wapi, maana nakupenda na hupo.

Pumzika, kaka yangu. Jioni nitauchomoa waya na kuufungia kabatini, asubuhi nitapiga magoti kama wewe. Na kesho kabla ya kazi nakwenda Tandale na hiki kipimo. Sitaongea habari za mvua. Nitamfunga wifi kipimo mkononi hata akisema kitapita, na namba nitaisoma mwenyewe.

Mdogo wako,
Neema