Upawa wa Somo Yangu

Jumatano. Joto la kutokota. Mvua imetutishia tangu asubuhi na haikunyesha. Nina hasira, tena siyo kidogo.

Nimetoka zahanati. Mizani imesema kilo tisini na mbili. Miezi mitatu iliyopita ilisema tisini na moja.

Miezi mitatu! Kila siku baada ya swala ya alfajiri nafunga kanga juu ya suruali ya mazoezi, nakimbia kutoka nyumbani hapa Kibiti mpaka kwenye mikorosho, njia ya Mchukwi, na kurudi. Vijana wa bodaboda wameshanizoea, mmoja huniuliza kila siku kama nimefukuzwa na mume. Kucha ya kidole gumba imeng'oka. Goti la kushoto linalalamika hata nikipanda kitandani. Halafu nimeongezeka kilo nzima!

Wala siukimbilii urembo. Mama yangu alikatwa mguu kwa kisukari, na mwaka haukuisha tukamzika. Leo nesi kaniambia sukari yangu imeanza kupanda.

Akaniuliza ninakula nini. Nikamtolea daftari langu kwa maringo: chai bila sukari, wali nusu sahani, kisamvu bila nazi, samaki wa kuchoma. Akasoma mara mbili.

"Dada, kwa chakula hiki ungekuwa umepungua. Kuna kitu hujaandika. Utakimbia mpaka Ikwiriri, lakini sahani ikikushinda umeshindwa."

Nikaapa. Akauliza kama naonja jikoni, kama namalizia masufuria. Nikasema sina tabia hiyo. Labda ule upawa wa somo yangu, lakini ule siyo wangu.

Akaweka kalamu chini. "Siyo wako, unaingia tumbo la nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Nieleze, maana asiye wa kwetu ataniona punguani. Ukoo wetu ulishuka kutoka milima ya Matumbi. Wakati wa Vita vya Maji Maji mashamba yao yalichomwa na maghala yakateketea, watu wakabaki kuchimba ndiga, kiazi cha porini chenye sumu, ambacho hulowekwa siku kadhaa ndipo kilike. Mama aliyemzaa bibi yake Bibi, huyu mzaa mama ninayeishi naye, alichimba, akaloweka, akampa mwanawe chote. Yeye akafa kwa njaa. Jina lake nimepewa mimi, ndiyo maana ni somo yangu. Basi tangu niache ziwa, Bibi akipakua chakula, upawa wa kwanza, ule wa juu wenye tui lote, ni wa marehemu, na mwenye jina lake ndiye anayeula kwa niaba yake. Haugawiwi wala hauachwi. Mchana na jioni.

Nimeula miaka thelathini na nne, na sikuwahi kuuhesabu kuwa chakula.

Njia nzima nilikuwa natukana kimoyomoyo. Niliwatukana waliochoma yale mashamba, wamekufa zamani na bado wananinenepesha. Nikamkasirikia Bibi. Nikajikasirikia mimi zaidi, mtu mzima niliyesoma, naandika chai bila sukari kwenye daftari huku nakula kwa ajili ya watu wawili.

Nilipofika, Bibi alikuwa anapakua. Wali wa nazi na kambare. Upawa umeshajaa wali uliolowa tui.

"Mke mwenzangu, kaa ule," akanitania kama kawaida yake.

Nikamwambia siutaki. Akanitazama kama nimemtukania wazazi.

"Yule kafa na njaa. Leo wataka kumrudisha njaani?"

Sijawahi kumpandishia Bibi sauti. Leo nimepiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Yeye kafa kwa kukosa! Mwanao kafa na sukari, ukamzika! Ukishanizika na mimi, upawa huu utampa nani?"

Mkono wake wenye upawa ulibaki hewani, tui likidondokea mkeka. Kisha akaumimina kwenye sahani yake mwenyewe.

Bibi, ambaye siku zote hudonoa kama kuku mgonjwa. Alikula punje kwa punje, kwa yale meno yake manne, machozi yanamtoka, hakuacha hata moja. Mimi nilikula nusu sahani yangu na sikumwomba radhi. Nilitaka, lakini hasira ilinizidi.

Alipomaliza akanawa, akasema bila kunitazama: "Somo yako niachie mimi. Wewe kimbia."

Sasa ni alasiri, naandika haya uani. Hasira haijaisha, na radhi bado nadaiwa. Bibi kajilaza kwenye mkeka, ameshika tumbo, analalamika kwamba marehemu anakula sana.

Viatu vya kukimbilia nimeshaviweka mlangoni, vya kesho alfajiri.